Kaye ya ndege isibaki katika sanduku



Katika shule yetu kuna wanafunzi wanaochora, kuna wanaokusanya tembre za barua, kuna wanaofufua redio zilizokufa, na kuna siye tunaoangalia ndege na kuandika katika kaye: siku, saa, mahali, rangi ya mdomo, namna anavyolia. Watu wanatucheka kidogo, lakini si kitu. Neno tunalotaka kuleta leo ni hili: kila mwenye kazi ya kupenda namna hiyo inafaa ajitengenezee ukurasa wake mwenyewe katika intaneti, ukurasa mdogo wa maandishi na foto, asitosheke na statu ya WhatsApp. Statu inakufa kisha saa 24. Kaye nayo inaliwa na mchwa ao inaungua. Watu wa Goma walijua hivyo mwezi wa kwanza mwaka 2002, wakati Nyiragongo ilipopitisha moto wake katikati ya mji, na tena mwezi wa tano mwaka 2021. Na siku ya kukimbia vita hakuna mtu anayebeba kaye ya ndege. Anabeba godoro, sufuria na mtoto.

Wengine wanatuuliza: sasa nani atasoma hiyo? Ndege wa pori, juu ya nini? Hapa tunaomba mtuvumilie, tueleze habari moja ya inchi yetu.

Mwaka 1909 vijana wawili, Herbert Lang na James Chapin, walifika Kongo wakitumwa na museo moja kubwa ya New York, wakazunguka huku mpaka 1915. Katika safari ile, kule upande wa Ituri, Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu. Hakuujua. Akaulinganisha na ndege wote aliowajua, hakuna hata mmoja aliyefanana nao. Hakuutupa, aliuweka. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, katika museo ya Tervuren, akaona ndege wawili waliokaushwa, na karatasi yao ikisema ni tausi wa Uhindi ambao hawajakomaa. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao. Si wa Uhindi hata kidogo, ni wa pori letu. Ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia katika vitabu vya dunia, na jina lake la kilatini ni Afropavo congensis.

Habari hii inatufundisha mambo mawili, na la pili linatuuma. La kwanza, wale ndege wa Tervuren walikuwa na jina la uwongo, lakini walikuwa mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuwaona. Kitu kilichowekwa wazi, hata kama kiko na kosa, siku moja kinakutana na mtu anayekijua. Kilichofungiwa katika sanduku hakikutani na mtu. La pili, yule mwenye kofia alimjua ndege huyo kabla ya Chapin kufika. Pengine alimtega mwenyewe, pengine alimla na familia yake. Lakini jina linalotajwa kila mahali ni la Chapin, si la mwenye kofia. Hakuwa na museo, hakuwa na kitabu. Siye leo tuko na telefone mfukoni, na bado tunangoja mgeni aje atuandikie ndege wetu!

Basi tuseme namna ya kufanya, juu wengi wanafikiri ni kazi ya mainjenia. Ukurasa wa intaneti ni fishie ya maandishi tu. Unaiandika katika telefone kwa programu yoyote ya kuandika maneno matupu, na jina lake linamalizika na .html. Alama ni chache: moja ya kichwa, moja ya kila fungu, moja ya kuita foto, moja ya kupeleka msomaji ku ukurasa mwingine. Mtu anajifunza hizo kwa siku mbili, kama hana usingizi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: fishie hiyo inafunguka katika telefone yako bila sinyali, bila mega hata moja. Unaweza kufanya kazi mwezi muzima bila kulipa kitu, unatengeneza, unasahihisha, unaonyesha wenzako. Siku ya kutuma ndipo unatafuta mega. Ukurasa wa kwanza uite index.html, sababu ndiyo mashine za intaneti zinazoutafuta. Majina ya fishie yawe ya herufi ndogo, pasipo nafasi katikati. Katika mashine nyingi za kule, Ndege.JPG na ndege.jpg ni vitu viwili tofauti, na foto iliyoonekana vizuri katika telefone itakataa kuonekana huko.

Foto ndizo zinakula pesa. Foto moja ya telefone mara nyingi inapima mega 3 ao 4. Ukiipunguza upana wake ufike pikseli 800, inabaki kama kilobaiti 100, na ndege bado anaonekana mpaka makucha. Kumi za namna hiyo ni mega moja tu. Tunasisitiza neno hili juu msomaji wako wa kwanza ni mwenzako wa hapa, mwenye batri nusu na mega za kuhesabu, wala si mtu wa Brussels. Wenye kupenda vitu vya kumetameta na miziki inayojipiga yenyewe, wakumbuke Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyeanzisha mambo haya kule CERN, Geneva. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa maandishi na viungo, basi. Na mwezi wa nne mwaka 1993 CERN iliachilia kazi hiyo kwa watu wote bila malipo. Siye pia tuko katika hao watu wote.

Kuna nyumba zinazopokea kurasa bure: GitHub Pages tangu 2008, Neocities tangu 2013. Inaomba adresi ya imeili tu. Jina lenye kumalizika na .cd ni zuri, lakini linalipiwa, liache kwanza. (Zamani inchi yetu ilikuwa na .zr, ya Zaire. Ilifutwa mwaka 2001. Kumbe hata mu intaneti majina yanazikwa pamoja na serikali.) Ila usiamini nyumba yoyote moyo wote. GeoCities ilikaribisha kurasa za watu wengi sana tangu 1994, na mwaka 2009 ikafunga milango yake. Mwenye kulinda kopi katika flashi aliweza kuhamia pengine kesho yake. Mwenye kutolinda alilia.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia: «Batoto, hiyo ni kujionyesha tu. Musome Matayo 6.» Tulisoma. Sura ile inaonya juu ya sadaka, maombi na kufunga kunakofanywa kusudi watu waone. Lakini mbele kidogo, katika sura ileile, Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wake waangalie ndege! Na Mfalme Sulemani, tukisoma 1 Wafalme 4, alisifiwa kwa kusema habari za miti, nyama, ndege na samaki, na watu walitoka mbali kuja kumsikia. Hata hivyo mzee hakukosa yote. Tumeona kurasa zenye foto kumi za mwenyewe na miwani ya jua, na ndege mmoja kule chini, tena hana jina. Ule si ukurasa wa ndege.

Tena kuna hatari, na tunaisema wazi, zaidi kwa dada zetu. Usiweke nambari yako ya telefone, wala nyumba unamokaa, wala saa unapopita porini. Usiweke uso wa mwenzako bila ruhusa yake. Usipige foto karibu na askari ao kambi, hata kama ndege amekaa juu ya mti wao, mwache. Na ukiona kasuku wa kijivu, andika kwamba ulimwona, lakini usitaje mti wala kilima. Tangu mwaka 2017 biashara ya kasuku hao waliokamatwa porini imekatazwa kati ya mataifa, kufuatana na mapatano ya CITES ya 2016, lakini wategaji wangali na ulimbo wao, nao pia wanajua kusoma.

Imebaki shauri la luga. Kati yetu kuna wanaotaka ukurasa uwe wa kifaransa kitupu kusudi uonekane wa watu waliosoma. Siye tunakataa. Jina la kilatini liwepo, juu ndilo linalomwezesha mtu wa Japani ao wa Brazili kujua ni ndege gani unasema. Kifaransa kiwepo chini. Lakini maelezo yawe ya kiswahili, na jina la juu liwe la kwetu, lile ambalo bibi analitaja akisikia sauti asubuhi kabla hata ya kumwona ndege mwenyewe. Majina haya hayamo katika vitabu vya biolojia tunavyofundishwa. Yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanaenda.

Kaye yetu iko na ndege 38 mpaka leo. Kati yao 17 hatujawapatia jina la nyumbani, wala la kinande, wala la mashi, wala la kihunde. Wenye kwenda kijijini likizo ya Pasaka, waulize babu na bibi, waandike jina, luga na mahali, pamoja na maneno mawili juu ya rangi na sauti, kusudi tusichanganye ndege wawili. Karatasi zitiwe katika sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biblioteke.