Chai ya Kijani na Matunda: Usinunue Harufu Uliyo Nayo



Siku hizi ukiingia katika duka la Isiolo utaona, karibu na chai yetu ya kawaida, visanduku vidogo vya chai ya kijani vyenye picha ya limau, embe au nanasi. Wengine huvinunua kwa ajili ya wageni. Wengine wameshauriwa wapunguze sukari. Hilo si vibaya. Lakini mimi naona kwamba mtu wa Isiolo anayenunua kisanduku hicho analipia kitu ambacho tayari anacho.

Hebu geuza kisanduku usome maandishi madogo. Mara nyingi ndani mna vifuko 25, kila kimoja chenye gramu 2 hivi, yaani gramu 50 tu kwa jumla. Tena mara nyingi utakuta tunda lililomo ni kidogo sana, na harufu ile nzuri imetoka katika ladha ya kiwandani iliyonyunyiziwa majani. Basi umenunua majani kidogo na harufu nyingi.

Majani yenyewe hayatoki mbali. Panda barabara ya kwenda Meru, na huko juu kwenye ukungu kuna mashamba ya chai na viwanda vyake, kama Githongo, Imenti na Kinoro. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika mchai ule ule. Tofauti ni kwamba majani ya kijani hutiwa mvuke au hukaangwa upesi baada ya kuchumwa, yasipate nafasi ya kugeuka rangi. Viwanda vyetu vingi hutengeneza chai nyeusi, kwa hiyo yakupasa kuuliza dukani: taka chai ya kijani tupu, isiyotiwa kitu.

Watu wa mlimani wana majani, lakini jua hawana kama letu. Sisi tunalo, na upepo mkavu juu yake. Kila msimu wa maembe twaona sokoni matunda yakioza na kutupwa kwa kukosa mnunuzi, na hasara huwa ya mama aliyeyanunua kwa fedha zake asubuhi. Matunda hayo yangaliweza kukaushwa kabla hayajaharibika.

Anza na limau au chungwa, maana harufu yake imo katika mafuta ya ganda. Lisugue ganda kwa maji safi, kisha limenye jembamba, uache ile nyama nyeupe ya ndani, kwani ni chungu. Ganda la nanasi pia hutoa harufu nzuri likioshwa sana. Embe hutumika nyama yake, si ganda. Ikate vipande vyembamba sana. Nami nakuambia mapema kwamba embe kavu hutia utamu zaidi kuliko harufu, basi lichanganye na limau. Mchaichai na nanaa, ukiwa navyo, vianike kivulini, kwa sababu jua kali hufukuza harufu yake.

Anika juu ya kichanja kilichoinuliwa, mbali na vumbi la njia na mbuzi, ukifunika kwa kitambaa chepesi safi. Usitumie chandarua cha mbu kilichotiwa dawa, hata kikiwa kikuukuu. Dawa ile haifai kugusa chakula. Jioni ingiza ndani, umande usirudishe unyevu. Baada ya siku mbili au tatu jaribu ganda: likivunjika, limekauka, likipinda, lirudishe juani. Embe huweza kubaki na unyumbufu kidogo, lakini lisinate mkononi. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu mkebe mzima kwa haraka ya siku moja tu. Ukiona ukungu, tupa vyote, usichague. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa huko Ukambani na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Jambo hili si la mchezo.

Vikikauka, changanya vijiko vitatu vya majani na kijiko kimoja cha maganda, utie katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, ukae wiki moja ili majani yanywe harufu. Ukwaju usiutie humo, maana unanata na kuleta unyevu. Uloweke peke yake, uchuje, kisha utie kijiko kimoja katika kikombe wakati wa kunywa.

Watu wengi huichukia chai ya kijani kwa sababu huichemsha kama chai ya maziwa, ikawa chungu kama dawa. Hapa mjini, kwa kimo chetu cha mita 1,100 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Bado ni moto mno. Epua, ngoja dakika chache, ndipo umimine juu ya majani, na baada ya dakika mbili au tatu uchuje. Wakati wa joto kali iko njia nyingine niipendayo zaidi: chemsha maji, yaache yapoe kabisa, tia majani na maganda katika chombo safi chenye kifuniko jioni, uchuje asubuhi. Haiwi chungu hata kidogo.

Usitie maziwa, limau na ukwaju huyagandisha. Wala sikuambii uache chai ya maziwa ya ngamia, ambayo hakuna sanduku liwezalo kushindana nayo. Lakini sharti moja nalisisitiza. Chai ya namna yoyote, nyeusi au kijani, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Kwa hiyo usiinywe pamoja na chakula. Ngoja saa moja hivi, hasa mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu. Mtoto mdogo mpe maziwa yake, usimpe chai hii badala yake.

Wako akina mama watakaotaka kuuza. Mezani pa jirani ni jambo dogo, lakini kufunga pakiti na kupeleka madukani kwahitaji alama ya Shirika la Viwango la Kenya, basi muulizeni kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu. Kwa sasa nunua malimau sita na majani kidogo, uanike kesho asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi.