Punda Wako Si Mkaidi, Anaumwa

 Leo naacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tuongelee mfanyakazi ambaye hadai mshahara: punda.

Juzi asubuhi nilikuwa naelekea kivukoni. Njiani nikamkuta kijana mmoja, mkulima mzuri tu wa nyanya, mkokoteni umejaa matenga, punda amegoma katikati ya barabara. Kijana anachapa, kivuko kinakaribia kuondoka, wateja wanamsubiri Mwanza mjini. "Bwana shamba, huyu mkaidi, namuuza wiki hii hii." Nikamwomba aitoe nira kwanza. Chini yake kulikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja changu, kinatoa usaha. Kivuko kikaondoka, nyanya zikabaki.

Niseme msimamo wangu wazi, hata kama kuna atakayenuna: punda wengi tunaowaita wakaidi ni wagonjwa, na ugonjwa wenyewe mara nyingi tumewapa sisi. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Mimi nasema teke la punda ni taarifa, ila hatuisomi.

Tuanze na tabia yake. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama, kwa sababu asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu zenye mawe, kaskazini-mashariki mwa Afrika, na huko kukimbia ovyo ni kuvunja mguu. Akikuta dimbwi au turubai linalopepea, anasimama na kupima. Mpe dakika mbili, au mtangulize mwenzake aliyemzoea, atapita. Ukimchapa pale pale, kesho atagoma mapema zaidi.

Pili, punda anaficha maumivu. Atavuta mzigo na kidonda chake mpaka siku anashindwa kabisa. Dalili zake ni ndogo: kala kidogo, mavi yamepungua, masikio yamelegea, amejitenga na mwenzake. Punda akiacha kula siku nzima hiyo ni dharura. Mpigie mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye makosa yetu. La kwanza ni nira. Nira ni ya ng'ombe, mwenye nundu na shingo nene ya kusukumia. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Ukimfunga nira, mti unasaga mfupa. Mshonee mkanda wa kifuani wa turubai lililokunjwa, mpana kama kiganja, na uweke kitambaa laini kwa ndani. Kamba ya manila isiguse ngozi, inakata kama msumeno.

La pili ni mzigo. Punda wetu wa asili ni mdogo, wengi wana kilo 120 hadi 150 hivi. Mgongoni abebe theluthi ya uzito wake, basi. Madumu mawili ya lita 20 tayari ni kilo 40. Wewe unamfunga manne, halafu unapanda juu. Jamani!

La tatu ni vidonda kuachwa. Pepopunda unaifahamu, na jina lenyewe linakuambia ni nani inamwonea sana. Kidonda kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, mpumzishe mnyama mpaka kipone, na umuulize mtaalamu kuhusu chanjo. Masika mjengee hata kibanda cha makuti, maana manyoya ya punda hayazuii maji ya mvua kama unavyodhani.

Najua kuna atakayesema: "Bwana shamba, toyo zipo, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, punda wa nini?" Daraja ni zuri, lakini linaanzia barabarani. Kati ya tuta lako na barabara kuna matope ya masika. Toyo inanasa pale na petroli unalipa. Punda anapita, na anakula majani.

Halafu piga hesabu ya kumpata mwingine. Punda hubeba mimba karibu miezi 12 au zaidi, anazaa mmoja, na huyo mtoto hafai mzigo mzito mpaka afike kama miaka minne. Ukimuua huyu kwa uzembe, wa kuzaliwa atakuja kukufaa baada ya miaka mitano. Na hawa wanyama wameshapungua kwa biashara ya ngozi. Tuliona viwanda vya kuchinja punda Dodoma na Shinyanga, mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Bara zima limeona thamani yake. Wewe unayemtumia kila siku je?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, ila mimi sitaki ufuate kwa kuogopa faini. Fuata kwa sababu unafanya biashara, na huyu ndiye usafiri wako.

Leo jioni, ukishamfungua, pitisha mkono taratibu shingoni, mabegani na mgongoni. Pale atakaposhtuka, hapo ndipo ukaidi wake ulipo. Kesho asipumzike mkokoteni peke yake, apumzike na yeye.