Kuondoa Udhia Njiani



Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Bahari nayo ni njia, na miongoni mwa udhia wake ni mabomu yanayotegwa majini wakati wa vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, Bahari ya Kaskazini, baina ya Scotland na Norway, ilikuwa imetegwa mabomu zaidi ya 70,000. Amani imeshatangazwa, mauti yangali yakimngojea mvuvi na msafiri.

Mwaka wa 1919 Marekani ilituma meli ndogo kuyaondoa. Zilikwenda mbili mbili, zikiburuta waya baina yao. Mojawapo ilikuwa Falcon.

Kazi hiyo ilipokwisha, Falcon ikawa chombo cha wapiga mbizi. Tarehe 17 Desemba 1927 nyambizi S-4 iligongana na meli karibu na Provincetown, ikazama na watu 40. Falcon ilipofika, mabaharia sita walikuwa hai kilindini, wakigonga ukuta wa chuma na kuuliza kama lipo tumaini. Tufani ikazuia kazi. Hawakutoka.

Wanamaji hawakutosheka na tanzia. Maofisa Charles Momsen na Allan McCann walishughulikia chumba cha chuma mfano wa kengele, kinachoshushwa hadi mlango wa nyambizi iliyozama.

Tarehe 23 Mei 1939 nyambizi Squalus ilizama na watu 59 pwani ya New Hampshire, kina cha zaidi ya mita 70. Watu 26 walifariki. 33 walibaki hai. Falcon ikaja na chumba kile. Kilishuka na kupanda mara nne. Safari ya nne waya ulikwama, watu wakaning'inia majini kwa saa kama nne. Mwishowe wote 33 waliokolewa.

Sisi nasi huzika, tukasema ni kadari ya Mola, na ndivyo. Lakini kuridhia kadari hakutuzuii kufunika kisima kilichomchukua mtoto, wala kuiweka mbali chupa ya mafuta ya taa. Waliogonga ukuta mwaka wa 1927 hawakusahauliwa. Kwa sababu yao wengine walirudi kwa wake na mama zao.

Tujiulize majumbani mwetu: ni msiba gani tumeshaulilia, na udhia wake ungali palepale?

Wabillahi tawfiq.