Biashara ya Jina la Mwenzio

Kila mwaka zipo nyumba katika miji yetu ambamo fedha nyingi huingia kwa mara ya kwanza, na pengine kwa mara ya mwisho. Mwalimu amestaafu, au muuguzi, au karani wa halmashauri. Mafao yake ya mkupuo yamekwisha kufika benki, na sasa mume na mke wameketi kuulizana watayafanyia nini. Leo tuzungumze na nyumba ya namna hiyo iliyoko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ingawa mengi tutakayoyasema yanamfaa hata msomaji wa Maswa, Magu au Shinyanga.

Mara nyingi mazungumzo hayo huanzia mahali pasipofaa. Baba hutaja jina. Ameona kibanda kilichopakwa rangi za kampuni ya simu, kimejaa watu tangu asubuhi. Mama naye ana jina lake, la soda, kwa kuwa jirani yake amejengewa bango na kuletewa jokofu bila ya kulipa senti. Basi hubishana usiku kucha ni jina lipi kubwa. Kwa maoni yetu, ukubwa wa jina ndilo jambo la mwisho la kuuliza. La kwanza ni hili: fedha zetu zitalala wapi, zitarudi mwezi gani, na zikipotea, atakayelia ni nani?

Kwanza tuelewane tunazungumza nini. Ipo biashara ambayo mtu huianzisha kwa jina lake mwenyewe, apange bei yake na afunge duka apendapo. Ipo nyingine ambayo mtu hutia mtaji wake mwenyewe lakini hufanya kazi kwa jina, bidhaa, bei na masharti ya mwingine. Jambo hili si geni kwetu. Kampuni ya cherehani za Singer, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1851, iliwauzia watu haki ya kuuza mashine zake katika maeneo yao, na wengi huihesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa mtindo huu. Wazee wetu nao wanakumbuka zama za Kampuni za Biashara za Mikoa, RTC, ambapo mwenye duka alingoja mgao na bei aliikuta imekwisha kupangwa. Siku hizi walio wengi hufuata njia hii kwa kuwa mawakala, na huko Dar es Salaam wapo wenye mitaji mikubwa wanaoendesha migahawa ya majina ya ng'ambo kama KFC na Pizza Hut. Migahawa hiyo hutaka mji wenye maelfu ya watu wa mshahara wa kila mwezi. Bariadi si mji wa namna hiyo, na wala si aibu.

Bariadi ni mji wa pamba. Simiyu, uliotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo, na kalenda ya pamba ndiyo kalenda ya kila mwenye meza ya biashara, apende asipende. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kuanzia hapo hadi Agosti hivi, mji hubadilika sura: mabati, baiskeli, vitenge, harusi. Ifikapo Februari, mkulima yule yule aliyenunua kreti nzima ya soda kwa ajili ya arusi hupita mbele ya duka akiwa na jembe begani, asitazame ndani. Mtu anayechagua biashara mjini hapa bila ya kuipima kwa miezi hiyo miwili, Julai na Februari, amechagua gizani.

Tuutazame uwakala wa fedha kwa njia ya simu, ambao ulianza kuenea nchini baada ya Vodacom kuleta M-Pesa mwaka 2008, kisha mabenki nayo yakafuata kwa mawakala wao. Sifa yake ni kwamba bidhaa haiozi wala haivunjiki, na chumba kidogo chatosha. Lakini wengi hawaelewi kwamba mtaji wake una miguu miwili: noti zilizo mezani na salio lililo katika simu, ambalo mawakala huliita floti. Tuseme familia yetu imeanza na shilingi milioni 3, nusu noti na nusu floti. Asubuhi moja ya Julai wakulima waliolipwa wanakuja kutoa. Ifikapo saa nne, noti za milioni moja na nusu zimekwisha, na simu inaonyesha milioni 3 kamili. Kwa hesabu wakala hajapoteza kitu, ila hawezi tena kumhudumia mtu yeyote anayetaka kutoa, na siku hiyo wote wanataka kutoa. Kamisheni haitokani na fedha zilizolala, bali na miamala. Hivyo hana budi kufunga akakimbilia benki. Januari, watoto wanaporudi shule na wazazi wanaleta fedha za kutuma, mambo hugeuka: noti hujaa mezani na floti hukauka.

Kwa hiyo uwakala wa fedha huenda ukamfaa mtu wa Bariadi mjini, aliye karibu na matawi ya benki, kuliko ndugu yake wa kijijini Itilima au Meatu ambaye kila safari ya benki ni nusu siku na nauli. Huyu wa kijijini ana wateja wasio na pengine pa kwenda, hiyo ni faida kubwa, lakini sharti awe na mtaji mzito zaidi, si mwepesi, na hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani kijijini fedha kidogo zinatosha. Aidha, noti zikiibwa au zikiwa bandia, kampuni haimrudishii. Mama anayeachwa peke yake mezani jioni anapaswa kufikiriwa katika hesabu hiyo kabla ya kamisheni.

Soda ni jambo jingine kabisa. Mwanza kipo kiwanda cha Nyanza Bottling kinachojaza soda za Coca-Cola, na chenyewe, kwa ukubwa wake wote, kinafanya kazi kwa jina la watu wengine. Wakala wa soda mjini Bariadi yupo mwishoni mwa mnyororo huo. Fedha zake hazilali katika soda tu, bali katika kreti na chupa tupu pia. Chupa ya kioo ikipasuka, imepasuka mfukoni mwake. Muuza duka akichukua kreti kumi na kurudisha tupu saba, zile tatu zinadaiwa kwa wakala. Faida ya kila kreti ni ndogo, na bei haipangi yeye, hivyo riziki yake ni wingi wa mauzo na wepesi wa kuzungusha tupu. Lile jokofu la bure nalo lina masharti yake: huwekwa soda za kampuni ile, si za mpinzani wake, na siku wakala akiachana na kampuni, jokofu huondoka.

Hata hivyo tusidhani kwamba mkataba humbana mdogo peke yake. Mwaka 1899 mawakili wawili wa mji wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mwenye Coca-Cola, wakaomba haki ya kuijaza katika chupa karibu nchi nzima ya Marekani. Candler, ambaye hakuziamini chupa, aliwapa haki hiyo kwa dola moja. Mkataba haukuwa na mwisho, na bei ya sharubati ya kutengenezea soda ilifungwa isipande. Sukari ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ikajikuta imefungwa na karatasi iliyoandikwa miaka ishirini nyuma, na mwaka 1920 wakafikishana mahakamani. Waliokuwa na haki ya chupa walipona kwa sababu ya sentensi mbili tatu zilizoandikwa vyema.

Wapo watakaotaja pembejeo. Kwa pamba, mbegu na viuadudu hupitia zaidi katika vyama vya msingi, kwa hiyo wakala binafsi hubakiwa na mahindi, mbogamboga na dawa za mifugo. Ugumu ni kwamba mkulima anahitaji pembejeo hasa katika miezi ambayo hana fedha, na atakukopa. Kama huna moyo wa kumnyima shemeji yako, usiifanye. Kituo cha mafuta tusikizungumze sana: bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, mtaji ni wa mamilioni mengi, na mafao ya mtumishi wa kawaida hayafiki huko pasipo mkopo.

Mkopo ndio unaotuleta kwenye nyumba. Baba akishawishika kuweka hati ya nyumba benki ili aongeze mtaji, na ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mwenzake. Mama asitie saini kwa heshima tu. Aulize kwanza: miezi ya Novemba hadi Aprili marejesho yatatoka wapi? Benki haina msimu wa pamba.

Kisha yapo mambo yanayotoka mbali, ambayo wakala hawezi kuyazuia. Mwaka 2019 bei ya pamba duniani ilianguka wakati bei ya hapa ilikuwa imepangwa shilingi 1,200 kwa kilo. Wanunuzi wakakwama, na wakulima wengi wakakaa miezi bila ya kulipwa. Mwenye bohari aliyejaza mzigo akitazamia Julai njema alibaki na mzigo wake. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Watu wengi wakarudi kutumiana noti kwa makondakta, mpaka ilipopunguzwa Septemba mwaka huo huo. Na Novemba 2024 jina la Tigo liliondolewa likawekwa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Uamuzi ulikuwa wa wenye jina, na mwenye kibanda kazi yake ikawa kuwaeleza wateja.

Kwa upande wa sheria, nchini kwetu hakuna sheria maalumu ya biashara za namna hii. Mkataba hutazamwa kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na sheria ya ushindani wa haki ya mwaka 2003. Afrika ya Kusini, kwa Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, humpa anayeingia katika mkataba wa jina siku 10 za kazi za kujitoa baada ya kutia saini. Sisi hatuna siku hizo, kwa hiyo yatupasa tuzichukue kabla. Karatasi na ilale nyumbani, isomwe kwa Kiswahili na kila mtu anayeguswa, na yaulizwe haya: eneo letu litalindwa, ama kesho wakala mwingine atawekwa mlango wa pili? Tukiacha, amana ya kreti itarudi baada ya siku ngapi? Kamisheni ikipunguzwa, tutaarifiwa kabla au baada?

Katika nyumba tuliyoanza nayo tungependelea uwakala wa fedha, wa makampuni mawili au matatu katika meza moja, kwa sehemu tu ya mafao, na soda ya rejareja kando yake, kuliko bohari ya kreti mia. Lakini tusisadikiwe bure. Kama wana ndugu mwenye kibanda Lamadi au Maswa, mmoja wao akaombe kukaa naye siku ya gulio mwezi Julai, kisha arudi tena Februari. Achukue daftari aandike watu wangapi walikuja kutoa, wangapi kuweka, kamisheni ya siku ilikuwa kiasi gani, na ni mara ngapi ndugu huyo alilazimika kusema, "Samahani mama, noti zimekwisha."