Maumivu ya Kamituga hayawezi kusubiri dawa kamilifu

Kamituga, mji wa wachimbaji dhahabu katika eneo la Mwenga, Kivu Kusini, ulijulikana duniani kwa sababu ya ugonjwa. Hapo ndipo Septemba 2023 ulipoanza mlipuko wa aina mpya ya virusi vya mpox, iliyoitwa Ib. Aina hiyo ilivuka mipaka, na Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza dharura ya kimataifa.

Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu chanjo na vipimo. Kuhusu maumivu yamesemwa machache. Wagonjwa wengi wa Kamituga walikuwa na vidonda sehemu za siri, na mwenye vidonda vya namna hiyo huogopa hata kwenda haja ndogo.

Dawa ya maumivu makali inajulikana tangu zamani, nayo ni mofini. Tatizo lake pia linajulikana: ikizidi kipimo, hupunguza kasi ya kupumua na inaweza kuua. Kwa miongo miwili wanasayansi wamejaribu kutenganisha mema na mabaya ya dawa hiyo.

Matumaini yao yalitokana na vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli ambazo hupokea habari kutoka nje. Utafiti wa vipokezi hivyo uliwapa Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012. Mofini ikigusa kipokezi chake, habari huingia ndani ya seli kwa njia zaidi ya moja. Njia moja hupitia protini zinazoitwa G, nyingine hupitia beta-arestini.

Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya wasio na beta-arestini ya aina ya pili walipata nafuu kubwa zaidi kwa mofini. Baadaye ikaripotiwa kwamba panya hao hawakupata shida kubwa ya kupumua. Wazo likazaliwa: itengenezwe dawa yenye upendeleo, inayofungua njia ya kwanza na kuiacha ya pili.

Dawa ya kwanza ya maumivu iliyotengenezwa kwa wazo hilo, oliseridini, iliidhinishwa Marekani Agosti 2020. Lakini hutolewa kwa sindano ya mshipa, chini ya uangalizi wa hospitali, na bado ina onyo kali kuhusu kupumua na uraibu. Mwaka huohuo maabara za nchi tatu zilirudia majaribio ya panya na kukuta kwamba hata wasio na beta-arestini hiyo walipungukiwa pumzi walipopewa mofini.

Wazo la upendeleo halijafa. Bado linawasaidia watafiti kubuni dawa za maradhi mengine. Lakini kwa upande wa maumivu, ahadi imekuwa kubwa kuliko matokeo, na mgonjwa wa Kamituga hawezi kuwekewa mpango juu ya ahadi hiyo.

Kongo imewahi kuona jambo kama hilo. Agosti 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la tekovirimati, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui, kwa wagonjwa 597 wa mpox huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, kati ya wote waliolazwa na kuhudumiwa vizuri, waliopewa dawa na wasiopewa, waliofariki walikuwa asilimia 1.7 tu, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Matokeo hayo yanaonyesha thamani ya uangalizi wa kawaida.

Kutuliza maumivu ni sehemu ya uangalizi huo. Mofini imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya 1977. Lakini tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Wapo wanaohofia kwamba dawa hizo zitavuja na kuishia machimboni. Hofu hiyo si ya bure. Lakini jirani Uganda imeonyesha njia. Tangu 1993, kwa juhudi za Dk. Anne Merriman na Hospice Africa Uganda, unga wa mofini huchanganywa na maji na mgonjwa huinywa. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Dawa ni ya bei nafuu, na hutolewa kwa utaratibu wa kumbukumbu.

Kivu Kusini inaweza kuanza na hilo. Wanaopeleka shehena za mpox kwa barabara mbovu ya Bukavu hadi Kamituga waweke mofini ya kunywa katika shehena hizo, pamoja na mafunzo kwa wauguzi na daftari la kila kipimo kinachotolewa. Maabara ziendelee kutafuta dawa bora. Aliyelala na vidonda leo anastahili kupewa ile iliyopo.