Chakula cha Ndugu Mgonjwa



Sisi watu wa relwe twajua sana kutunza saa za magari, lakini saa za matumbo yetu hatuzitunzi. Mtu hutoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi, hujikuta saa nane mchana hajala, ndipo akimbilie chipsi na soda. Mwenye ugonjwa wa sukari aliyekwisha jidunga sindano asubuhi hawezi kwenda hivyo. Sukari yamshuka mwilini, na kizunguzungu katikati ya mabehewa si mchezo.

Lakini hasa twataka kusema habari za ndugu mmoja wa zamu yetu. Alianza na sukari, ukafuata moyo, na sasa ni figo. Hapo kwanza alishauriwa ale maharagwe, ugali wa unga usiokobolewa, na ndizi mbivu badala ya mandazi. Akatii. Figo zilipoharibika akaambiwa apunguze vitu vile vile, kwa kuwa vina potasiamu au fosforasi nyingi ambazo figo mbovu haziwezi kuzitoa, na potasiamu ikizidi katika damu moyo waweza kusimama. Basi akaona kila chakula ni sumu. Akabaki na chai kavu, akakonda. Nasi tulimcheka kwamba anajifanya bwana mkubwa. Twaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu hapo tumeuliza kwa wanaojua. Chumvi ni adui wa maradhi yote matatu: Shirika la Afya Duniani lasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate na mchuzi wa pakiti. Ile chumvi ya dukani isemwayo ni nzuri kwa presha mara nyingi ni potasiamu, kwa hiyo mwenye figo asiiguse bila kuuliza. Viazi na vikatwe vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji yamwagwe. Kabeji ni afadhali kuliko spinachi. Samaki mbichi au yai ni vyema, kwa kiasi. Sukari ikishuka, alambe glukosi, si maji ya machungwa. Na wale wapendao kumwambia kila mgonjwa anywe maji mengi wanyamaze. Mwenye moyo dhaifu huenda amepimiwa maji yake. Ndizi nazo si haramu kwa kila mwenye figo. Kipimo cha damu ndicho kiamuacho, kwa hiyo aombe karatasi moja ya chakula inayotazama maradhi yote pamoja.

Sasa twaja kwa Chama. Twataka kantini ipike mboga bila chumvi, kila mtu ajitilie mezani. Gharama yake ni nini? Twataka pia mwenye sindano apewe saa ya kula isiyosogezwa, hata gari likichelewa, wala asiandikwe mvivu. Wajumbe wa tawi walitie jambo hili katika mkutano ujao, na yule ndugu yetu aitwe aseme mwenyewe.

Mfanyikazi wa Relwe