Kinga Isiyozuia Kazi

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tumemwona mwanachuo baada ya mwanachuo akiandika ubaoni kwamba kutu huzuiwa kwa rangi, mafuta au grisi. Watoto hunakili, kengele hulia, na somo huishia hapo. Kwa maoni yetu, somo hilo hukatwa kabla ya kulifikia swali lenyewe: je, kitu kilichokwisha kufunikwa chaweza bado kufanya kazi yake?

Swali hili si la chuma peke yake. Seli ya fueli, kama ile iendeshayo gari la Toyota Mirai lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, hutoa umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni. Kichocheo chake ni platini, madini ya bei kubwa. Ndiyo sababu hutumiwa chembe ndogo mno, zilizotawanywa juu ya unga wa kaboni. Kaboni huzibeba chembe hizo na kupitisha umeme. Lakini kaboni nayo huliwa. Seli inapowashwa na kuzimwa, volti za upande wa oksijeni zaweza kufikia 1.5 hivi, hapo kaboni huungana na oksijeni itokayo katika maji, ikageuka gesi ya kaboni dayoksaidi. Chembe za platini zilizokosa pa kushika hung'oka au hugandana, na nguvu ya seli hupungua.

Wataalamu wamejaribu kuifunika kaboni kwa utando mwembamba, kwa mfano wa oksaidi ya titani. Mtihani uko hapo: utando ukizidi unene, huzuia umeme na kuziba vitundu vipitishavyo gesi.

Mtihani huo huo waweza kuonekana darasani kwa betri ya tochi, balbu, nyaya na misumari mitatu: mtupu, uliopakwa rangi, na wa kuezekea mabati, ambao umefunikwa kwa zinki. Kwanza pitisheni umeme: wa rangi hauwashi balbu. Kisha iacheni penye unyevu kwa siku kadhaa: mtupu hushika kutu. Wa zinki hufaulu mara zote mbili. Waulizeni watoto sababu, wala msiwe wepesi wa kuwajibia.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi hana haja ya seli za fueli. Jina lake kweli laweza kungoja. Swali lisingoje, kwani aliyezoea kukariri dawa tatu za kutu hatavumbua ya nne.